Maswali ya Wasomaji: Joto Linalojificha Katika Kuyeyuka

Mwezi huu tumechagua barua sita zinazohusu jambo moja, nalo ni zile maada zinazopokea joto zinapoyeyuka na kulirudisha zinapoganda, na namna zinavyotumika kutunza baridi au joto kwa saa ambazo moto, jua au umeme haupo. Barua zimefupishwa, lakini maswali yameachwa kama yalivyoulizwa.

Ndugu Mhariri, ninafundisha sayansi hapa Njombe. Ifikapo Juni, mafuta ya nazi tunayoletewa kutoka pwani huganda chupani, na wanafunzi waliniuliza kwa nini ya Dar es Salaam hayagandi. Hilo niliwaeleza. Kisha mmoja akauliza swali lililonishinda: barafu ikiwa kwenye sufuria juu ya moto, kipimajoto hakipandi mpaka yote iyeyuke, je, joto la moto wakati huo linakwenda wapi? *Mwalimu, Njombe*

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali lilelile lililomshughulisha Joseph Black, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, miaka ya 1760. Black aliwaza kwamba kama barafu ingehitaji joto dogo tu ili iyeyuke, basi theluji yote ya milimani ingegeuka maji siku ya kwanza ya jua, na kila mwaka watu wangekumbwa na mafuriko ya kutisha. Kwa kuwa haiwi hivyo, alipima, akathibitisha kwamba barafu hupokea joto jingi bila halijoto yake kupanda hata kidogo, na joto hilo akalielezea kuwa ni joto lililofichika.

Mwambie mwanafunzi kwamba chembe za maji ndani ya barafu zimeshikana kwa mpangilio, na kwamba moto, kwa muda wote ule ambao kipimajoto kimesimama, unafanya kazi ya kulegeza mshikamano huo. Kipimajoto hutuonyesha jinsi chembe zinavyotikisika. Kazi ya kuzilegeza hakiioni. Maji yakigandishwa tena, joto lilelile hutoka lote, wala halipungui. Andika ubaoni namba hizi mbili: kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto), na kilojuli hizohizo zinatosha kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80, yaani maji ambayo huwezi kutia mkono.

Mafuta yenu ya nazi yanafaa sana kwa jaribio, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 24, kiwango ambacho Njombe ya Juni iko chini yake na Dar es Salaam iko juu yake. Yagandishe kwenye kopo dogo huku kipimajoto kikiwa katikati, kisha lichovye kopo kwenye maji ya nyuzi 40 na mwandike halijoto kila dakika. Mtaona mstari wa grafu unapanda, unalegea kwa muda, kisha unapanda tena. Hautalala sawasawa kama ule wa barafu, kwa sababu mafuta ya nazi ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi na kila aina ina kiwango chake cha kuyeyuka. Tofauti hiyo nayo ni somo zuri la kuwauliza wanafunzi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama muuza samaki. Nina friza nyumbani na deli la kubebea samaki sokoni. Umeme ukikatika napata hasara kubwa. Jirani yangu ananiambia nitie chumvi nyingi kwenye chupa za maji kabla ya kuzigandisha ili baridi yake iwe kali. Je, ni kweli? Na barafu kiasi gani inatosha? *Mama muuza samaki, Tanga*

Mama, pole kwa hasara, na ahsante kwa swali ambalo wengi wanalihitaji. Jirani yako hakosei kwamba chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji. Taabu ni kwamba hushusha mno. Maji yaliyotiwa chumvi hadi takriban asilimia 23 ya uzito wake hayagandi mpaka yafike nyuzi 21 chini ya sifuri, na friza nyingi za nyumbani zimepangwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Chupa yako ya chumvi nyingi itakaa humo wiki nzima ikiwa maji matupu, na maji ambayo hayajaganda hayakuwekei akiba ya maana. Ukiitoa chupa hiyo, baridi yake itakwisha upesi kuliko unavyotarajia.

Kwa samaki wabichi wa deli, tumia barafu ya maji yasiyo na chumvi. Nyama ya samaki huanza kuganda nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri, na kuganda polepole huiharibu, ikawa teketeke inapoyeyuka. Barafu ya kawaida, ambayo hushikilia nyuzi 0 muda wote inapoyeyuka, inamtunza samaki mahali panapomfaa kabisa bila kumgandisha. Chumvi ina mahali pake kwa wale wanaobeba vitu vilivyokwisha kuganda, kama askrimu au samaki wa friza, ambao wakifikia nyuzi 0 wameshayeyuka. Wabebaji hao watie kwenye chupa zao sehemu 1 ya chumvi kwa sehemu 9 za maji kwa uzito. Maji hayo huanza kuganda kati ya nyuzi 6 na 7 chini ya sifuri, kiwango ambacho friza ya nyumbani inakifikia.

Kuhusu kiasi, tufanye hesabu pamoja. Kilo 20 za samaki waliotoka kwenye chombo wakiwa na nyuzi 28 zinahitaji kuondolewa karibu kilojuli 2,000 ili zifike nyuzi 0, na hiyo ni kazi ya kilo 6 za barafu. Kilo hizo 6 zimekwisha kabla hujaanza safari. Kila kilo unayoongeza ndiyo inayopambana na joto linalopenya kwenye kuta za deli na linaloingia kila unapofungua kifuniko, na ndiyo maana katika nchi zetu za joto ushauri uliozoeleka ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki.

Barafu iliyopondwa hupoza upesi kuliko chupa, kwa sababu hugusa samaki kila upande. Chupa hugusa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo ponda barafu ya maji safi uitandaze chini, kati na juu ya samaki, na chupa uzipange pembeni zilinde barafu hiyo. Ndani ya friza, jaza kila nafasi tupu kwa chupa, lakini usizijaze hadi mdomoni, kwani maji huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 yanapoganda na yatapasua chupa. Umeme ukikatika, acha kufungua.

Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu wa chanjo katika zahanati. Msimamizi wetu anakataza kuweka pakiti za barafu kwenye kibebea chanjo moja kwa moja kutoka kwenye friza. Anataka tuziache nje mpaka maji yasikike ndani yake. Katika joto hili la Lindi naona tunamwaga baridi bure. Pia tumeletewa jokofu la sola lisilo na betri. Usiku linafanyaje kazi? *Mhudumu wa afya, Lindi*

Ndugu yangu, msimamizi wako yuko sahihi, na katika jambo hili ningependa kila zahanati iwe na msimamizi kama yeye. Pakiti inayotoka kwenye friza ina nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, na kabla haijaanza kuyeyuka itafyonza joto la chanjo iliyo jirani yake hadi chanjo nayo iende chini ya sifuri. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda na ile ya pentavalenti, yaani ya magonjwa matano kwa pamoja, zikiganda mara moja zimeharibika, na ubaya wake ni kwamba chupa iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana kwa haraka kama chupa nzima. Mama amebeba mtoto wake mwendo mrefu, mtoto amechomwa sindano, kadi imeandikwa, na kinga haipo.

Sauti ile ya maji ni kipimajoto kisichodanganya. Ukitikisa pakiti ukasikia maji yakicheza na barafu ikigonga, unajua kwamba maji na barafu vipo pamoja, na vikiwa pamoja halijoto yake ni nyuzi 0, haina namna nyingine. Ama hofu yako ya kumwaga baridi, hesabu itakutuliza: kilo 1 ya barafu kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi 0 hupokea kilojuli 38 tu, na baada ya hapo ina kilojuli 334 za kuyeyuka ambazo bado hujazigusa. Unachoacha nje ni sehemu moja ya kumi, na sehemu hiyo ndiyo yenye madhara.

Viko siku hizi vibebea vyenye ukuta wa ndani unaozuia baridi kali kuifikia chanjo, ambavyo huruhusu pakiti kuingizwa zikitoka kwenye friza. Ziko pia pakiti zenye maada ya jamii ya parafini inayoyeyuka karibu na nyuzi 5 au 6. Kama havijaandikwa wazi kwamba ni vya aina hiyo, endeleeni kutikisa na kusikiliza.

Jokofu lenu la sola halikusahauliwa betri. Jua likiwaka, paneli huendesha kompresa, na kompresa hugandisha akiba ya maji iliyo ndani ya kuta; usiku na siku za mawingu, barafu hiyo huyeyuka polepole na kulinda chanjo. Shirika la Afya Duniani hutaka majokofu ya namna hii yaweze kushikilia baridi siku 3 kwa uchache bila jua la kutosha. Betri ndizo zilizokuwa zikiharibika mapema katika majokofu ya sola ya zamani, ilhali barafu hugandishwa na kuyeyushwa maelfu ya mara pasipo kuchakaa. Wenzetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa chanjo ya Ebola iliyotumika huko kuanzia mwaka 2018 ilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Barafu ya maji haiwezi kufika huko, ikabidi zitumike pakiti za maada nyingine zinazoyeyuka katika baridi hiyo, ndani ya makasha yenye kuta zinazozuia joto kwa kiwango cha juu sana.

Ndugu Mhariri, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wametusimulia habari za godoro dogo lisilotumia umeme la kumpasha joto mtoto njiti. Je, linawezekana, au ni chupa ya maji ya moto iliyopewa jina jipya? *Muuguzi, Ngara*

Dada, linawezekana, na kifaa cha namna hiyo kimefanyiwa majaribio katika hospitali za Rwanda. Ndani yake mna maada inayofanana na nta, inayoyeyuka karibu na halijoto ya mwili, na huandaliwa kwa maji yaliyochemka. Chupa ya maji ya moto huanza ikiwa kali kiasi cha kumuunguza mtoto, kisha hupoa mfululizo. Nta hii inapoganda hutoa joto lake ikiwa imesimama karibu na nyuzi 37 kwa saa kadhaa. Tahadhari ni kwamba, nta ikishayeyuka yote na bado inapashwa, halijoto itapanda kupita hapo, kwa hiyo maelekezo ya kusubiri na kupima kabla ya kumlaza mtoto hayana mjadala. Mahali pa kwanza pa mtoto njiti panabaki kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Godoro ni la saa ambazo mama hawezi, au ambapo joto la kifua peke yake halijatosha.

Ndugu Mhariri, nasomea uhandisi Nairobi. Nimesoma kwamba vituo vya umeme wa jua vya Ouarzazate, Moroko, huhifadhi joto kwa chumvi iliyoyeyuka. Je, huo ndio mfano mkubwa kabisa wa maada hizi? Na kama njia hii ni nzuri, mbona haikuenea majumbani zamani? *Mwanafunzi, Nairobi*

Jina ndilo lililokupoteza, na umepotea pamoja na wengi. Chumvi ile, mchanganyiko wa naitreti ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu asilimia 40, huyeyushwa mwanzoni tu, na baada ya hapo wahandisi hujitahidi isigande tena, kwani ikiganda huziba mabomba. Katika vituo vya mnara, ambako vioo huelekeza jua kileleni, hupashwa kutoka nyuzi 290 hadi 565 ikiwa kimiminika wakati wote. Piga hesabu: kila kilo hupokea takriban kilojuli 1.5 kwa kila nyuzi moja, na nyuzi 275 zinakupa zaidi ya kilojuli 400, nyingi kuliko zile za kuyeyusha barafu. Mwenye nafasi ya nyuzi 275 hana haja ya kuyeyusha kitu. Kuyeyuka na kuganda kunakuwa na thamani pale ambapo nafasi ni finyu, kama chanjo isiyotakiwa kutoka kati ya nyuzi 2 na 8, au mtoto asiyetakiwa kuzidi nyuzi 37.

Majumbani ilijaribiwa mapema. Mwaka 1948, huko Dover, Massachusetts, mwanasayansi Maria Telkes, mzaliwa wa Hungaria, na msanifu majengo Eleanor Raymond walijenga nyumba iliyopashwa joto na jua, ikiwa na tani zipatazo 20 za salfeti ya sodiamu yenye maji ndani yake, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32. Ilifanya kazi vizuri mwanzoni, lakini baada ya misimu michache ya baridi chumvi ilikuwa imejitenga, sehemu nzito chini na maji juu, wala haikuganda tena kama awali. Tangu hapo, sehemu kubwa ya utafiti wa chumvi za aina hii imekuwa ya kuzuia kujitenga huko, kwa kuzifanya ziwe nzito kama uji, na ya kuzihimiza zigande kwa wakati wake.

Ndugu Mhariri, nimejenga Mbagala, nyumba ya bati, na kuanzia Desemba hadi Machi chumbani hakulaliki. Fundi mmoja ananishawishi ninunue vibao vya dari vyenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 26. Anasema nta itameza joto la mchana na sitahitaji kiyoyozi. Bei ni kubwa. Nifanye nini? *Mwenye nyumba, Dar es Salaam*

Ndugu yangu, usinunue kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho. Fundi hakudanganya kuhusu mchana. Nta ya namna hiyo hupokea karibu kilojuli 200 kwa kilo inapoyeyuka, na vibao vyenye kilo 5 kwa kila mita ya mraba, katika chumba cha mita 4 kwa 4, vitakuwa na kilo 80 za nta, zenye uwezo wa kumeza kilojuli 16,000. Upate picha ya kiasi hicho: kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho wauzaji hukiita cha tani moja kwa sababu kazi yake ya siku nzima ni sawa na kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, huondoa joto hilo kwa saa moja na robo hivi. Ni msaada wa kweli, ila una mpaka.

Kasoro iko usiku. Nta iliyoyeyuka leo mchana ni lazima igande usiku huu, na ili igande ni lazima ipate mahali pa kutupa joto lake palipo baridi kuliko nyuzi 26. Usiku wa Februari Dar es Salaam halijoto mara nyingi hubaki karibu na nyuzi 25. Tofauti ya nyuzi moja haisukumi joto. Isitoshe, nta hupitisha joto kwa shida, karibu theluthi moja tu ya maji, na inapoanza kuganda, tabaka la nje lililokwisha kuwa gumu huifunika ile ya ndani kama blanketi. Kutapambazuka ikiwa bado laini, jua litaipiga tena, na ifikapo saa sita mchana itakuwa imemaliza nafasi yake yote; kuanzia hapo dari yako ni dari tu, uliyoilipia ghali.

Kama ungekuwa Dodoma, ambako mwezi Oktoba mchana huzidi nyuzi 30 na usiku hushuka chini ya 20, ningekujibu vingine, mradi madirisha yafunguliwe usiku upepo upite chini ya dari. Kwa Mbagala, anza kwa kulizuia joto lisiingie: paka bati rangi nyeupe, weka tabaka la kuzuia joto chini yake, na acha matundu ya hewa pande mbili za paa ili hewa moto iliyo kati ya bati na dari itoke. Mti wa kivuli upande wa magharibi utasaidia jua la alasiri. Ukishayafanya hayo na bado unahitaji kiyoyozi, kitakuwa kidogo na kitafanya kazi saa chache.

Ikiwa fundi bado anasisitiza, mwombe kibao kimoja cha majaribio kwa wiki moja ya Februari, na pia mwulize nta imefungwa ndani ya nini, kwani huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi inapoyeyuka na hutafuta pa kuvujia, na huwaka moto kama mshumaa, jambo ambalo juu ya kitanda cha watoto halipuuzwi. Kifunge kibao hicho kwenye dari ya chumba unacholala. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijagusa bati, panda kwenye kiti ukibonyeze kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu, nta imeganda na iko tayari kwa mchana. Kikibonyea, mrudishie fundi kibao chake.